Mama Yangu Hakutembea Juu ya Maji

Mama Wambua, Rael, na wewe Zainabu wa supu kule Kiamaiko: kila tukikutana mnaniuliza ziwani kulikuwaje, na kila nikianza kusimulia, maji ya bomba yanakuja na tunatawanyika na mitungi yetu. Rael amebaki na kipande cha kiboko ambacho hata sikukisema. Zainabu anawaambia wateja wake kwamba nilizama. Kwa hivyo nimeandika. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini mwalimu wetu, Elifasi, alinifunza mwandiko wa kusomeka. Someni polepole, halafu msiniulize tena, kwa sababu nikilikumbuka jambo hili damu inanipanda.

Maringo: Sauti ndani ya simu

Mnamjua Sheila, mjukuu wangu, binti wa marehemu Joshua. Mnamjua pia mtoto wake Awino, huyu wa miaka minne anayewasumbua akitaka njugu. Jina hilo ni la mama yangu mzazi. Mimi ndiye niliyempa, siku ya kwanza, kabla hajafungua macho vizuri. Sheila akaongeza Tiffany, nami sikusema neno, maana mtoto ni wa mama yake pia. Lakini mlangoni kwangu aliitwa Awino.

Basi jioni moja ya kiangazi Sheila alirudi kutoka kazini amekunja uso. Hakuuliza hata chai. Akaniwekea simu mbele ya macho.

"Dani," akasema, maana ndivyo anavyoniita, yaani bibi kwa Kijaluo, "hili si ndilo ziwa la kwenu?"

Nikatazama. Kweli, lilikuwa ziwa letu, kule Siaya nilikozaliwa. Nililijua kwa kile kilima chenye mgongo wa ng'ombe ng'ambo yake. Msichana mmoja aliyevaa jaketi la kuelea alikuwa anacheka kando ya bango kubwa. Kwenye bango wameandika: NJIA YA MCHAWI AWINO. Halafu sauti ya mwanamume ikasema: "Hapa ndipo mchawi Awino alikuwa anatembea juu ya maji. Ukimsalimia, haitikii. Na asiyeitikiwa, huyo mwaka hamalizi."

Nilishika meza.

"Ni Awino mwingine, sivyo?" Sheila akauliza.

"Awino mwingine yupi? Aliyekuwa anapita hapo ni mmoja."

Sheila akakaa kitini. Alikuwa ameshaamua, nilimwona. "Basi Dani, hilo jina tuliache. Januari mtoto anaingia shule. Watoto wa siku hizi wanaona kila kitu kwenye simu. Ataitwa mchawi mpaka amalize kidato cha nne. Nitamwandikisha Tiffany, basi."

Wanawake wenzangu, mnajua mimi nimezika mume, nimemzika Joshua, na sikuwahi kupiga kelele. Siku hiyo nilipiga. Mama yangu alikufa bila kaburi la simiti, bila picha hata moja. Kitu pekee alichoacha juu ya dunia hii ni jina, na jina lenyewe liko juu ya mtoto mmoja tu. Sasa liondolewe kwa sababu ya mtu mwenye sauti ndani ya simu?

"Usiandikishe kitu," nikamwambia. "Kwanza nipeleke."

"Nikupeleke wapi?"

"Kwa mwenye hiyo sauti."

Ikawa bahati kwamba vijana wa mtaani walikuwa wanapanga kwenda huko huko kustarehe, na basi lilikuwa na nafasi mbili. Awino tulimwacha kwa Mama Wambua, kama anavyokumbuka mwenyewe, maana alivunjiwa vikombe viwili.

Jogoo Road hadi Molo: Kiti cha Ruth Chebet

Tuliambiwa saa kumi na moja alfajiri. Mimi saa kumi na nusu nilikuwa nimesimama kando ya barabara na kikapu changu: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha kumi na mawili, chupa ya chai. Basi lilikuja saa mbili kasorobo. Kiongozi wa safari, Kevo, yule mtoto wa Consolata wa nyumba za nyuma, alishuka akijinyoosha, akaniamkia kwa lugha yao ya mtaani, maana kwao kila bibi ni shosho.

"Shosho, niaje! Leo umetoka mapema."

"Mimi nimetoka kwa wakati. Nyinyi ndio mmetoka kesho."

Wakacheka. Walicheka mpaka Limuru. Pale juu ya bonde wakasimamisha basi wapige picha. Naivasha wakasimama tena. Gilgil tena, na Gilgil mnajua hakuna cha kupiga picha ila upepo. Na safari nzima wakawa wanaulizana habari za mchawi. Huyu anasema atamsalimia mara tatu. Yule anasema amebeba chumvi. Kevo akanigeukia: "Shosho, si wewe ni wa huko? Utatulinda."

Nikamwambia, "Mimi nitamlinda yeye dhidi yenu." Wakadhani ni mzaha wa kizee.

Karibu na Molo basi lilitoa moshi, likanyamaza. Dereva, Njoroge, mtu mpole, akaingia chini yake na hakutoka kwa muda wa saa tatu. Baridi ya Molo si ya binadamu. Vijana walikuwa wamebeba vibanzi vya pakiti na soda, vikawa vimeisha. Wakaanza kuzunguka kikapu changu kama paka. Mayai kumi na mawili, mimi nilikula moja! Hata Njoroge alinyoosha mkono kutoka chini ya basi na nikaweka yai ndani ya huo mkono bila kuona uso.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi kando ya barabara aliniona nimejikunyata. Hakuniuliza ninatoka wapi. Aliinuka, akanipa kiti chake, yeye akakalia gunia. Jina lake Ruth Chebet. Nikamuuliza kwa nini anampa mtu asiyemjua kiti chake cha kazi. Akasema, "Viazi haviangalii nimekalia nini." Mtu wa namna hiyo unamweleza mambo yako. Nikamweleza.

Na nyinyi niwaeleze hapa, ili msije mkapotea mbele. Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Aliolewa kutoka Ugenya, kwa hivyo pale kwetu walimwita hivyo, Awino Nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya. Wafinyanzi wa kijiji chetu walikuwa wanawake wanane. Udongo mzuri haukuwa ukingoni. Ulikuwa katikati ya ziwa, juu ya tuta refu lililolala chini ya maji, ambalo tuliliita Mgongo. Ziwa letu ni la maji mafupi, na wakati wa kiangazi Mgongo ulikuwa umefunikwa na maji ya kifundo cha mguu tu. Anayeujua aliufuata kama mtu anayepita uchochoro wa kwao. Asiyeujua, akiwa mbali ukingoni, angeapa kwamba anaona mwanamke anatembea juu ya maji.

Na mfinyanzi akienda kuchota udongo hasalimii, wala haitikii, hata aitwe na mume, hata aitwe na mchungaji. Ananyamaza mpaka autue. Akifungua kinywa njiani, vyungu vitapasuka motoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kazi. Mimi mwenyewe nilipigwa kofi nikiwa na miaka saba kwa kumjibu shangazi yangu Miriamu nikiwa na udongo kichwani.

Ruth Chebet akasikiliza yote. Akasema, "Kwa hivyo mama yako wamemfanya mchawi kwa sababu ya kazi."

"Kwa sababu ya kazi!"

Sheila alikuwa nyuma yangu, amesikia. Akasema kwa sauti ya chini, "Lakini Dani, ni hadithi tu na wewe unaisema. Mtu wa mjini ataamini bango."

Nikamrudishia Ruth Chebet kiti chake. Moshi ulikuwa umekwisha na Njoroge alikuwa anatuita.

Siaya: Samaki ambaye hajawahi kukimbia

Tuliteremka Kericho katika mvua, tukapita Kisumu jua likiwa linashuka, tukafika Siaya tumevunjika migongo. Kwenye hoteli ndogo nikaagiza samaki. Nilikuwa nimemngoja huyo samaki tangu Molo, wanawake. Wakaleta. Nikaonja. Nikaweka chini.

"Huyu ametoka ziwani?" nikamuuliza kijana wa hoteli, Felix.

"Ndiyo, mama."

"Ziwa lipi? Huyu hajawahi kukimbizwa na mtu. Nyama imelegea kama sponji."

Felix akainamisha kichwa. "Wa kufugwa, mama. Kwenye kidimbwi."

Kevo akasema samaki ni samaki. Hapana! Ngege wa ziwa letu ni mdogo, mweusi mgongoni, na mfupa wake unaunyonya mpaka unalia. Katika lile ziwa kubwa la Kisumu aliliwa na yule mbuta mkubwa aliyetiwa humo, akawa haonekani. Kwetu alibaki, kwa sababu mafunjo yalimficha. Ziwa dogo limemtunza aliyeshindwa kutunzwa na ziwa kubwa, halafu mgeni anapewa samaki wa kidimbwi. Nililala na njaa na hasira.

Ukingoni: Bembea, viti vya plastiki na bango

Asubuhi tulikuwa ziwani. Nitasema ukweli: nilipoliona nililia kidogo, halafu nikaona bango na machozi yakakauka.

Ziwa letu si la kutisha. Maji yake ni rangi ya chai isiyo na maziwa. Mafunjo yamelizunguka kama ua, marefu kupita mtu aliyepanda juu ya mtu, na ndani yake anaishi yule swala wa majimaji mwenye kwato ndefu, ambaye ukimfukuza anazama akabakisha pua. Kuna mnandi wanaoanika mabawa, kuna mayungiyungi, kuna samaki aitwaye kamongo anayelala ndani ya tope kiangazi kizima bila kufa. Tulipokuwa watoto mto uliingia ziwani na kutoka, kama jirani asiyebisha hodi. Baadaye likajengwa tuta la udongo ili kinamasi kilimwe, mto ukapelekwa kando, na ziwa likabaki peke yake kama mjane. Likakonda. Miaka hii ya karibuni mvua zimelinenepesha tena mpaka limekula mashamba ya watu. Mgomba wa nyumbani kwa Dorka, mmoja wa wale wafinyanzi wanane, sasa umesimama ndani ya maji.

Na starehe hatukufundishwa na mtu. Wavulana walishindana kwa mitumbwi kila Krismasi, wasichana tuliogelea upande wa mayungiyungi, na mchungaji alibatiza watu hapo hapo, Jumapili. Mimi nilibatizwa pale. Sasa wameweka bembea, viti vya plastiki, mitumbwi ya rangi ya waridi na spika inayopiga kelele mpaka ndege wamehamia ng'ambo. Sikatai. Watu wacheze, ziwa si la kanisa. Lakini kwenye lile bango watu walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja akikodoa macho na kutoa ulimi ili apigwe picha kando ya jina la mama yangu.

Mtembeza watalii akaja, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, kofia imegeuzwa nyuma. Alipofungua kinywa niliijua ile sauti.

"Karibuni kwa mchawi! Shosho, wewe utabaki hapa na soda?"

"Nitaingia. Jina lako nani?"

"Odhis."

"Hilo ni la barabarani. La nyumbani?"

"Odhiambo."

"Wa nani?"

"Wa Okelo. Shosho, hii ni boti ama ni ofisi ya chifu?"

Vijana wakaangua kicheko. Sheila akanifunga jaketi la kuelea. "Dani, tafadhali, usigombane majini." Nikamwambia sijaja kugombana. Nilikuwa nadanganya.

Mgongoni

Odhis hakutumia injini. Alisimama nyuma na upondo, ule mti mrefu, akitusukuma taratibu, huku akisimulia. Macho ya mchawi yalikuwa mekundu, akasema. Alibeba kikapu kichwani.

"Kikapuni mlikuwa na nini?" nikauliza.

"Mifupa, shosho."

"Uliiona?"

"Hadithi ndivyo inavyosema."

"Hadithi haina macho. Endelea."

Akaendelea, lakini mimi sikumtazama yeye tena. Nilikuwa natazama upondo. Ulikuwa unazama, unazama, mpaka mkono wake unakaribia kugusa maji. Anauvuta, anauzamisha tena. Mara ukazama kidogo tu na kugota. Akauchomoa, akauweka mbele: ukagota tena. Nikatazama kilima cha ng'ambo, nikakiona kimekaa sawa na mti mkavu wa ukingoni, ule ule wa enzi zetu. Ndivyo mama alivyonifundisha: kilima na mti vikiwa kitu kimoja, uko juu.

"Simamisha," nikasema.

"Shosho, hapa ndipo hasa mchawi..."

"Nimesema simamisha."

Nilivua viatu, nikaviweka mapajani mwa Sheila. Akasema, "Dani?" Nikaupitisha mguu wa kwanza nje ya mtumbwi. Watu walipiga yowe ambalo naamini lilifika Busia. Odhis akatupa upondo anishike, akakosa. Na mimi nikasimama. Maji yalinifika juu kidogo ya magoti, gauni limefura kama mwavuli. Katikati ya ziwa, wanawake wenzangu, nimesimama kama mtu anayengoja basi pale Jogoo Road.

Nikaanza kutembea.

"Shosho, rudi!" "Shosho, kuna kiboko!" Hakukuwa na kiboko, Rael. Huyo wa Odhis alikuwa wa mdomo tu. Nikamsikia Sheila analia, "Dani, nijibu! Dani!" Hilo liliniuma, lakini sikuitika. Nyayo zilikuwa zinakumbuka zenyewe. Kama hatua ishirini hivi nikausikia udongo, laini kama samli, unaingia kati ya vidole. Nikavua kitambaa cha kichwa, nikainama mpaka kidevu kikagusa maji, nikachota kwa mikono miwili, mara nne. Nikafunga kitambaa, nikajitwika, nikageuka. Mkono mmoja juu, mmoja pembeni. Nao mtumbwini sasa hata Kevo ameteremsha simu.

Nilipofika nikautua udongo ndani ya mtumbwi. Hapo ndipo nikafungua kinywa.

"Naam, Sheila. Ulikuwa unaniita."

Akanishika mikono, akanivuta nipande.

Nikamgeukia Odhis. "Mmeniita mara ngapi?"

"Nyingi, shosho."

"Nimeitika?"

"Hapana."

"Nimetembea wapi?"

Akatazama maji.

"Basi na mimi ni mchawi. Lete bango langu mliweke kando ya la mama yangu. Mimi ni Perisi, binti wa Awino. Huu ndio ule mfupa wenu." Nikafungua kitambaa, nikampaka udongo kwenye kiganja. "Hivi ndivyo vyungu mlivyopikiwa uji nyinyi nyote!"

Upondo wakati huo ulikuwa unaelea zake. Kevo, akitaka kujionyesha, akasema, "Kumbe ni maji ya magotini, wacha niuchukue," akaruka na viatu vyake vyeupe. Lakini aliruka upande wa pili, na Mgongo ule upande unakatika kama ukingo wa meza. Akazama mzima, ikabaki kofia. Jaketi la kuelea ndilo lililomrudisha, macho yamemtoka. Tukamvuta ndani kama kambare, na upondo tukaufuata kwa kupiga maji kwa viganja.

Nikatarajia Odhis acheke. Hakucheka. Alikuwa amekauka usoni. "Ndiyo maana Dani yangu alitukataza kukanyaga hapa," akasema.

"Dani yako ni nani?"

"Nereah. Yule anayekaanga samaki pale kwenye kibanda cha mabati."

Kwa Nereah

Wanawake wanane niliowataja, wa nane, mdogo wao, alikuwa Nereah. Rika langu. Mama alimfundisha kufinyanga kwa mkono wake mwenyewe, akila kwetu, akilala kwetu. Nilitoka mtumbwini nikiwa nimelowa mpaka kifuani na kwenda moja kwa moja mpaka kwenye kikaango chake.

Alinitazama juu mpaka chini. Akasema, "Perisi. Umenenepa."

"Nereah. Umekuwa mwongo."

Akageuza samaki. Ngege halisi, niliona. "Kaa chini," akasema.

"Sikai. Nani alimwambia huyu mjukuu wako kwamba mama alikuwa mchawi?"

"Mimi."

Hivyo tu. Bila kupepesa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Ulipokwenda Nairobi na mume wako wa reli," akasema, "Otieno wa Dorka aliwaona wanawake wanatembea kule kati, akafuata. Akafika pale Mgongo unapokatika. Alikuwa na miaka tisa. Mwaka uliofuata akafuata binti wa Miriamu. Watoto hawaogopi maji ya magotini, Perisi. Ukiwaambia kuna kina, wanakucheka, kwa sababu wanaona watu wazima wanapita. Nikawaambia kuna mchawi. Tangu siku hiyo hatujazika mwingine."

"Na kwa nini jina la mama?"

"Mchawi asiye na jina hamtishi mtoto. Na yeye ndiye waliyekuwa wamemwona, wakimwita naye hawaitikii."

"Alikufundisha kazi, Nereah!"

"Alinifundisha. Nilijua hangekasirika."

"Mimi nimekasirika!"

"Wewe ulikuwa Nairobi."

Nilinyamaza. Msidhani nilikosa jibu, nilikuwa na majibu sita. Lakini Otieno wa Dorka nilimbeba mgongoni, na habari ya kifo chake sikuwa nimeipata mpaka dakika hiyo.

Halafu nikapata nguvu tena. "Kumtisha mtoto ni jambo moja. Lakini kuliandika jina lake kwenye bango, watu watoe ndimi kando yake?"

Nereah akaacha kikaango. "Jina la nani limeandikwa?"

Wanawake, hakujua. Nereah hakusoma hata hilo darasa la tatu langu. Bango aliliona likisimikwa na wenye bembea, akadhani linasema karibuni. Kila asubuhi alikuwa anaanika matambara yake juu yake.

"Nisomee," akasema.

Tukaenda, mimi na yeye, na Sheila nyuma, na Odhis nyuma ya Sheila. Nikasoma kwa kidole. Nereah akasikiliza mpaka mwisho.

"Lipi kati ya hayo ni mchawi?"

Nikamwonyesha.

Akarudi kwenye mabati, akaja na kikaango chake kikuukuu. Akakwangua masizi ya chini kwa kiganja, yenye mafuta ya miaka yote, akalipaka lile neno mpaka likafa. Likabaki: NJIA YA AWINO.

"Dani, mwenye bango atanifukuza!" Odhis akalalama.

"Mwambie aje kwangu. Nina masizi mengine."

"Na watoto?" Hilo lilitoka kwa Sheila. "Wasipoogopa mchawi, watazuiwa na nini?"

Ndiyo mara ya kwanza safari nzima kusema kitu nilichojivunia. Nereah akamgeukia mjukuu wake. "Wewe una nguvu za kusukuma wageni, sasa tumia hizo. Kata miti mitatu, ukaisimike pale Mgongo unapokatika. Ufunge na vitambaa vyekundu." Odhis akaenda, na Kevo akaenda naye, maana huyo sasa alikuwa anapajua vizuri kuliko wengi.

Waliporudi tukawasimamisha wote wawili na kuwakaririsha. Awino Nyar Ugenya. Dorka. Miriamu. Abuto. Atoti. Helida. Rosalia. Nereah. Odhis alimruka Helida mara mbili, nikamrudisha mwanzo mara mbili. Wageni wa mchana walipofika alisimama mbele ya bango lenye masizi na kuanza, "Hapa walipita wafinyanzi wanane," nami nilikaa nyuma kabisa nikihesabu kwa vidole. Alifikisha wanane. Macho mekundu hayakutajwa.

Nereah alinipa ngege. Nilikula watatu. Sijamsamehe yote, nimesamehe kiasi cha samaki watatu.

Maringo tena

Basi halikuharibika wakati wa kurudi, au kama liliharibika nilikuwa nimelala. Molo nilimtafuta Ruth Chebet nimpe samaki niliyemfunga kwenye gazeti, nikakuta kiti chake kimegeuzwa, nikamwachia mama wa karoti, Jerusha, ampelekee. Sheila alikaa kando yangu na kitambaa cha udongo mapajani, akikilowesha kwa maji ya chupa kila kikikauka. Sikumwambia afanye hivyo. Habari ya kuandikisha jina sikumuuliza. Nilichoka kugomba, na swali nililiogopa.

Jumatatu asubuhi nilikaa mlangoni, nikakata donge la udongo, nikampa Awino. Nikamwonyesha kukanda, kutoa vijiwe, kulitoboa kati kwa kidole gumba. Nikamweleza na ile sheria ya kubeba na kunyamaza. Alinisikiliza nusu, kama watoto wanavyosikiliza. Halafu akataka kuchota donge lingine ndani, alilete mwenyewe, na nikamwacha.

Sheila alikuwa anachelewa kazini, ameshika viatu vidogo vya mtoto mkononi. Akatoka uani, akaita.

"Awino!"

Nilisikia vizuri. Hakusema lile jina lingine.

"Awino! Njoo uvae viatu!"

Kimya. Sheila akachungulia mlangoni, na mtoto huyo hapo, anakuja polepole, donge kichwani, mkono mmoja juu, mmoja pembeni, midomo ameikaza mpaka mashavu yamevimba.

"Awino, si ninakuita?"

Mtoto akampita mama yake bila kugeuza shingo, akafika kwangu, akautua udongo chini. Ndipo akavuta pumzi.

"Naam, mama."